Stenlesi Ndani ya Kinu cha Nyuklia: Kwa Nini Chuma Kilichofuliwa Baridi Huchelewa Kuvimba

Mwaka 1967 jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi ya watafiti wawili wa kituo cha Dounreay, kaskazini kabisa mwa Scotland. Cawthorne na Fulton walikuwa wamekata vipande vya stenlesi iliyokaa ndani ya kinu chao cha nyutroni za kasi (nyutroni ni chembe ndogo mno zinazoruka kutoka kwenye fueli ya nyuklia), wakavichonga hadi vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha elektroni, kisha wakavitazama kwa hadubini. Ndani ya chuma kile waliona matundu. Hayakuwa nyufa, hayakuwa kutu, wala hayakuwa kasoro za kiwandani. Yalikuwa matundu madogo mno, ya makumi ya nanomita, yametapakaa katikati ya chembe za chuma ambacho kilipoingia kinuni kilikuwa kizima kabisa.

Maana yake ilikuwa nzito. Chuma chenye matundu ndani kinachukua nafasi kubwa zaidi kuliko mwanzo, ingawa uzito wake ni uleule. Yaani kilikuwa kinavimba. Wakati huo Uingereza, Marekani, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti zote zilikuwa zikijenga au kuchora vinu vya aina hiyo, na karibu wote walikuwa wameweka matumaini yao kwenye stenlesi za kawaida, kama zile zinazojulikana kwa namba 304 na 316. Kinu cha EBR-II kule Idaho, Marekani, kilikuwa tayari kinafanya kazi tangu 1964. Michoro ya vinu vikubwa zaidi ilikuwa mezani. Ghafla ikabidi kila mhandisi ajiulize: vipimo nilivyochora vitabaki vilevile kwa miaka mingapi?

Dawa ya kwanza iliyofaa ilitoka karakanani. Stenlesi ileile ya 316, bila kubadilishwa mchanganyiko wake, ikivutwa au kubanwa ikiwa baridi kabla ya kuingizwa kinuni, huchelewa sana kuvimba. Hadi leo karibu kila mrija wa stenlesi wa aina hii unaobeba fueli katika vinu vya kasi hupitia kazi hiyo, iitwayo ufuaji baridi, kwa kawaida kiasi cha asilimia 20.

Lakini hapo pana fumbo, na makala nyingi hulipita haraka. Ufuaji baridi huongeza kasoro za aina fulani ndani ya chuma, na kasoro hizohizo ndizo zinazosababisha uvimbe. Inakuwaje kuongeza chanzo cha ugonjwa kukacheleweshe ugonjwa wenyewe? Kulifungua fundo hilo ni lazima tuanze na kile ambacho nyutroni inakifanya.

Atomu za stenlesi zimepangwa kwa safu, umbali wa robo ya nanomita hivi kutoka moja hadi jirani yake. Kuing'oa atomu ya chuma mahali pake kunahitaji nishati ya elektroni-volti 40 hivi. Nyutroni ya kasi huja na nishati ya elektroni-volti milioni moja, na kwenye mgongano mmoja inaweza kumwachia atomu ya chuma hadi 70,000 hivi. Atomu iliyopigwa hivyo haikai. Inakwenda kuzigonga nyingine, nazo zinagonga nyingine, na kwa muda mfupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde mamia ya atomu yameng'oka.

Kila atomu inayong'oka huacha vitu viwili: pengo pale ilipokuwa, na atomu ya ziada iliyojibana katikati ya safu za wenzake. Mengi ya mapengo hayo hufutika papo hapo, kwa sababu atomu ya ziada iko karibu na inarudi kwenye pengo. Yanayosalia huanza kutangatanga. Atomu za ziada huenda mbio hata kwenye baridi. Mapengo huhitaji joto ndipo yasogee.

Wataalamu hupima mateso haya kwa kipimo kiitwacho dpa. Dpa 1 maana yake ni kwamba, kwa wastani, kila atomu ya chuma hicho imeng'olewa mara moja. Katika kinu cha kasi, mrija wa fueli unaweza kufikisha makumi ya dpa kwa mwaka mmoja. Tafakari hilo kidogo: kila atomu, bila kubakiza hata moja, kung'olewa mara 30, mara 80, mara 100, na kifaa bado kinatakiwa kisimame wima, kishike fueli na kisivuje. Mimi naona ni moja ya majukumu magumu zaidi ambayo binadamu amewahi kukipa kipande cha chuma.

Kama mapengo na atomu za ziada huzaliwa kwa idadi sawa, na kama yanakutana na kufutana, uvimbe unatoka wapi? Unatoka kwenye upendeleo.

Ndani ya chuma chochote kuna kasoro za mstari zinazoitwa dislokesheni. Chukua mkeka ambao mwaa mmoja umeishia katikati badala ya kufika ukingoni: miyaa ya jirani inalazimika kupinda ili kuziba nafasi, na pale ulipoishia panakaa pamevutika upande mmoja na pamebanana upande wa pili. Dislokesheni ndivyo ilivyo. Ni ukingo wa safu ya atomu iliyoishia ndani ya chuma. Mahali palipovutika panazivuta atomu za ziada, kwa kuwa hapo zinapata nafasi ya kupumua. Mapengo nayo huvutwa, lakini kwa nguvu ndogo kidogo. Greenwood, Foreman na Rimmer walikwisha kulieleza wazo hili la upendeleo mwaka 1959, miaka kadhaa kabla matundu ya Dounreay hayajaonekana.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo mzizi wa kila kitu. Dislokesheni zikimeza atomu za ziada nyingi kidogo kuliko mapengo, mapengo yanabaki bila wenza. Yanarundikana, yanakutana, na yakipata pa kuanzia yanaungana kuwa tundu. Atomu za ziada zilizomezwa zinajenga safu mpya kwenye ncha za dislokesheni, na hapo ndipo chuma kinapotanuka.

Pa kuanzia mara nyingi ni heliamu. Nikeli iliyomo ndani ya stenlesi, pamoja na chembechembe za boroni, hubadilika zinapopigwa na nyutroni na kutoa gesi hiyo. Atomu chache za heliamu zikikusanyika kwenye kikundi cha mapengo zinakizuia kisiporomoke, na kiputo kikikua kupita ukubwa fulani, mapengo huanza kumiminika humo bila kuhitaji gesi zaidi. Kuanzia hapo si kiputo tena. Ni tundu linalojikuza lenyewe.

Joto nalo lina amri yake. Chini ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi mapengo hayasogei vya kutosha, na atomu za ziada huyafuata na kuyafuta. Juu ya nyuzi 700 hivi tundu haliwezi kuyashika mapengo yake, yanachomoka tena kwa joto. Katikati ndipo penye hatari, na kwa bahati mbaya halijoto ya mirija ya fueli katika vinu vinavyopozwa kwa sodiamu inaangukia humohumo.

Sasa tuingie karakanani. Mrija wa stenlesi huanza ukiwa umelainishwa: unapashwa hadi zaidi ya nyuzi 1,000, kisha unapozwa haraka. Joto hilo linaziachia atomu zijipange vizuri, na dislokesheni nyingi zinatoweka. Baada ya hapo mrija unavutwa kwenye tundu la chuma kigumu lililo jembamba kuliko mrija wenyewe, bila kupashwa moto. Unatoka mrefu zaidi na mwembamba zaidi. Eneo la mkato wake likipungua kwa sehemu moja ya tano, tunasema umefuliwa baridi kwa asilimia 20. Bamba linalopitishwa katikati ya rola mbili linapata jambo lilelile.

Kazi hii tunaishi nayo majumbani. Sinki la jikoni la stenlesi ya 304 huanza likiwa bamba bapa, linakandamizwa baridi mpaka linachukua umbo la beseni. Chukua sumaku ndogo uipitishe: kwenye sehemu bapa haishiki, lakini kwenye pembe zilizokunjwa sana inaweza kushika kidogo. Pale chuma kilipopinda kwa nguvu, sehemu yake imebadili mpangilio wa atomu na kuwa aina inayovutwa na sumaku. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwani linajitokeza tena kinuni kwa sura mbaya.

Chuma hakiwezi kubadili umbo bila dislokesheni kusogea, na zikisogea zinazaana, zinakatizana na kunasana. Ndiyo sababu waya ukiukunja mara kadhaa unakuwa mgumu. Kwa hesabu, stenlesi iliyolainishwa inaweza kuwa na mita trilioni moja ya dislokesheni katika kila mita ya ujazo, au pungufu. Ikifuliwa asilimia 20, kiwango kinakaribia mara elfu ya hapo. Kipande kimoja cha sentimita moja ya ujazo, ukubwa wa dadu, kinakuwa na mistari ya kasoro yenye jumla ya urefu wa kilomita milioni moja hivi. Safari ya kwenda mwezini na kurudi haifiki kilomita laki nane.

Hapa ndipo fumbo linapofunguka. Upendeleo wa dislokesheni ni wa lazima ili uvimbe uwepo, lakini hautoshi. Ili tundu likue, mapengo ya ziada lazima yafike kwenye tundu. Sasa fikiria chuma ambamo kila unapogeuka kuna dislokesheni. Pengo likizaliwa halifiki mbali kabla ya kumezwa. Atomu ya ziada nayo inamezwa. Aina zote mbili zinaishia palepale, na idadi ya mapengo yanayotangatanga kwa wakati wowote inashuka sana. Mapengo yakiwa machache, vikundi vinavyotaka kuwa matundu vinakosa chakula na kusambaratika vikingali vidogo.

Upande wa pili, chuma chenye dislokesheni chache mno nacho hakivimbi haraka mwanzoni, kwa kuwa hakuna wa kuzimeza atomu za ziada kwa upendeleo. Uvimbe hufikia kasi yake kubwa pale nguvu ya dislokesheni ya kumeza na nguvu ya matundu ya kumeza zinapokaribia kulingana. Kwa hiyo stenlesi iliyolainishwa na ile iliyofuliwa baridi zinaanzia pande mbili tofauti za hali hiyo ya hatari. Ya kwanza iko chini yake na inapanda; mionzi yenyewe inaijengea dislokesheni mpya, na inafika mapema. Ya pili iko juu na matundu hayajapata mahali pa kuzaliwa.

Heliamu nayo inaingia kwenye hesabu hii. Katika chuma kilichofuliwa inanaswa kwenye mistari mingi mno, ikagawanyika kuwa viputo vidogo vingi ambavyo kila kimoja kina gesi kidogo. Vinabaki chini ya ukubwa ule wa kugeuka tundu. Kiasi cha gesi ni kilekile. Kilichobadilika ni mgawanyo wake.

Ukimsikia mtu akisema ufuaji baridi unazuia uvimbe, mrekebishe kwa upole. Unauchelewesha. Na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa anayechora kinu.

Ukichora uvimbe wa stenlesi dhidi ya dpa, unapata mstari wenye sehemu mbili. Kwanza kipindi cha kuatamia, ambapo karibu hakuna kinachoonekana kwa nje. Kisha mstari unainuka na kufikia kasi ya asilimia 1 hivi kwa kila dpa. Frank Garner, mtafiti wa Marekani aliyezitumia takwimu nyingi sana za EBR-II, ndiye aliyesisitiza kwamba kasi hiyo ya mwisho karibu haibadiliki kwa stenlesi za jamii hii: iwe imelainishwa au imefuliwa, iwe 304 au 316, ikishavuka kuatamia inaelekea asilimia 1 kwa dpa. Kinachobadilika ni urefu wa kuatamia.

Asilimia 1 kwa dpa ina maana nyingine inayonishangaza kila ninapoifikiria. Dpa 1 huzalisha pengo moja kwa kila atomu. Kama ujazo umeongezeka kwa asilimia 1 tu, basi katika kila mapengo 100 yaliyozaliwa, 99 yamefutika au yamemezwa, na moja tu ndilo lililobaki ndani ya tundu. Chuma kinajitibu kwa asilimia 99, na hiyo moja iliyobaki ndiyo inayokiharibu.

Fanya hesabu ya kuchelewesha. Mrija unatakiwa ufike dpa 80. Ikiwa kuatamia kunaisha kwenye dpa 20, unabaki na dpa 60 za kuvimba, yaani ujazo kuongezeka kwa asilimia 60 hivi, jambo ambalo hakuna kinu kinachoweza kulivumilia. Ikiwa kunaisha kwenye dpa 50, ni asilimia 30, ambayo bado ni balaa. Kunaisha kwenye dpa 75, ni asilimia 5, na hapo mhandisi anaweza kuishi nayo kwa kuacha nafasi za kutosha. Kila dpa moja ya kuchelewa ni asilimia moja ya ujazo iliyookolewa. Mfano huu ni wa kurahisisha, kwani mstari halisi hupinda polepole kabla ya kunyooka, lakini mantiki ndiyo hiyo.

Na usidhani stenlesi iliyofuliwa ilipona milele. Kuna picha maarufu katika fani hii: mirija miwili ya 316 iliyofuliwa asilimia 20, mmoja haujawahi kuingia kinuni, wa pili umekaa EBR-II kwa nyuzi 510 hivi hadi karibu dpa 80. Wa pili ni mrefu na mnene zaidi kwa karibu asilimia 10 kila upande, ikiwa ni ujazo ulioongezeka kwa theluthi moja. Kinachogusa zaidi ni kwamba umbo lake halikuharibika. Hauna nyufa wala makunyanzi. Umekua tu, sawasawa pande zote, kana kwamba ulitengenezwa kwa kipimo kingine.

Kwa nini kinga inakwisha? Kwa sababu mionzi inakifundisha chuma upya. Atomu za ziada zinapomezwa, dislokesheni zinapanda kutoka mahali pake, zinakutana na zenye mwelekeo wa kinyume, zinafutana. Wakati huohuo mpya zinazaliwa. Baada ya muda kuzaliwa na kufutika vinalingana, na wingi wake unatulia kwenye takriban mita trilioni 600 kwa kila mita ya ujazo. La ajabu ni kwamba stenlesi iliyolainishwa nayo inapanda hadi hapohapo. Zote mbili zinasahau zilikotoka. Kule karakanani ulikuwa na chuma cha namna mbili. Kinuni, baada ya dpa za kutosha, kinabaki cha namna moja.

Ila kama dislokesheni zingekuwa hadithi nzima, kuatamia kungekwisha mara tu zinapotulia, na mara nyingi zinatulia mapema zaidi kuliko hapo. Kuna kemia chini yake. Mapengo na atomu zinapomiminika kuelekea kwenye dislokesheni na matundu, zinabeba baadhi ya vipengele pamoja nazo. Nikeli na silikoni hurundikana kwenye vimezeo hivyo, na zinaweza kuungana kuwa chembe mpya zenye utajiri wa vipengele hivyo viwili. Chuma kinachobaki katikati kinakuwa maskini wa nikeli na silikoni, na chuma maskini namna hiyo ni rahisi zaidi kuzaa matundu. Ufuaji baridi unatawanya safari hizi kwenye mistari mingi, hivyo umaskini huo unachukua muda mrefu kukomaa.

Wataalamu walipolielewa hili waliacha kutegemea ufuaji peke yake. Wakaongeza titani. Ikiungana na kaboni, titani hutengeneza chembe ndogondogo sana ambazo hupenda kuzaliwa juu ya dislokesheni. Ukiifua stenlesi yenye titani, unakuwa umezitandikia chembe hizo mahali pengi pa kukaa. Nazo zinalipa fadhila: zinazishika dislokesheni zisitoweke haraka, na zinainasa heliamu. Hapo ndipo zilipotoka aina kama D9 ya Marekani na 15-15Ti ya Ufaransa, ambazo mbali na titani zina kromi kidogo na nikeli nyingi zaidi kuliko 316. Kwangu mimi huu ndio uvumbuzi wenye akili zaidi katika habari yote hii. Titani bila kufuliwa inapoteza sehemu kubwa ya faida yake, na kufuliwa bila titani kunaisha mapema.

Mtu atauliza kwa nini wasifue asilimia 50 badala ya 20. Kwanza, chuma kilichofuliwa sana kinakuwa kigumu na kinapoteza uwezo wa kunyumbulika, na mionzi nayo itakiongezea ugumu. Pili, dislokesheni nyingi ni nishati iliyofungiwa. Joto likipanda kuelekea nyuzi 600 na zaidi, chuma hutafuta kuitua: dislokesheni zinajipanga upya na kupungua, au chembe mpya kabisa zisizo na kasoro zinazaliwa na kuzila zile za zamani. Kadiri ulivyofua kwa nguvu, ndivyo hilo linavyotokea kwenye joto la chini zaidi. Asilimia 20 ni maelewano kati ya mambo hayo.

Ulehemu unalionyesha hilo waziwazi. Mrija wa fueli lazima uzibwe ncha zake kwa kuchomelewa. Pale moto unapopita, miaka yote ya hekima ya karakana inafutika kwa sekunde chache. Ukanda ule unarudi kuwa stenlesi laini. Wabunifu hulazimika kuhakikisha kwamba viungo hivyo viko nje ya eneo la katikati lenye nyutroni nyingi zaidi.

Madhara ya uvimbe wenyewe yanafaa kutajwa kwa ufupi. Fueli ya vinu vya kasi hukaa ndani ya mabomba marefu ya pembe sita yaliyopangwa kama sega, na nafasi kati yake ni milimita chache. Upande wa bomba unaotazama katikati ya kinu hupata nyutroni nyingi kuliko upande wa nje, hivyo unavimba zaidi, na bomba linapinda. Yakipinda vya kutosha yanabanana, na siku ya kubadilisha fueli hayatoki kirahisi. Tena, uvimbe ukizidi asilimia 10 hivi stenlesi inaanza kuwa dhaifu kwa namna ya kutisha. Nikeli imekwisha kukimbilia kwenye kuta za matundu, na chuma kilichobaki kikivutwa kinageuka kuwa aina ile ile inayovutwa na sumaku kwenye pembe za sinki. Tofauti ni kwamba hapa mageuzi hayo hupita mbele ya ufa na kuufungulia njia. Kifaa kinaweza kukatika wakati wa kukishika tu, kabla ya kubeba mzigo wowote wa maana.

Watu wengi huishia kwenye vinu vya kasi, lakini vinu vya kawaida vinavyopozwa kwa maji navyo vina sehemu yao. Ndani yake, kuizunguka fueli, kuna mabamba ya stenlesi yaliyofungwa kwa mamia ya bolti. Halijoto ni ya chini zaidi, nyuzi 300 na kitu, ingawa miale ya gama hupasha sehemu nene zaidi ya hapo. Dpa zinaongezeka polepole, lakini vinu hivi sasa vinaongezewa muda hadi miaka 60 na hata 80.

Kwenye vinu vingi mabamba ni ya 304 iliyolainishwa na bolti ni za 316 iliyofuliwa baridi. Umeshaona tatizo linakokwenda. Bamba likivimba mapema na bolti ikachelewa, bamba linaivuta bolti. Kinga ya mmoja inakuwa mzigo wa mwenzake. Na chuma kilichofuliwa, kwa ugumu wake, kina udhaifu mwingine: kikiwa kwenye maji ya moto chini ya mvuto, huku kimepigwa na mionzi, kinapata nyufa kwa urahisi zaidi. Bolti za aina hiyo zilianza kugundulika na nyufa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1980. Uvimbe haukuwa mshitakiwa mkuu pale, lakini kisa kile kinaonyesha kwamba ufuaji baridi ukichaguliwa kwa sababu moja unaweza kudai gharama mahali pengine.

Kuna jambo jingine ambalo liliwakosesha watafiti usingizi. Kuatamia hakutegemei dpa peke yake, kunategemea pia kasi ya kuzipata. Stenlesi inayopigwa polepole inaanza kuvimba kwenye dpa chache kuliko inayopigwa haraka, kwani mapengo yanapata muda wa kutosha kukusanyika kabla hayajafutwa. Garner na wenzake walilionyesha hilo kwa vipande vilivyotoka pembezoni mwa EBR-II, mbali na katikati. Hivyo majaribio ya haraka, hasa yale ya kutumia mashine za kurusha ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) ambazo hutoa dpa 100 kwa siku chache, yanaweza kumfanya mtu aamini chuma chake kitadumu kuliko kitakavyodumu kweli. Ni onyo kubwa kwa yeyote anayesoma jedwali la matokeo bila kuuliza yalipatikana kwa kasi gani.

Njia nyingine ya kukwepa uvimbe ni kuachana na jamii hii ya stenlesi kabisa. Vyuma vya kromi visivyo na nikeli nyingi, vyenye mpangilio tofauti wa atomu, huvimba kidogo mno. Bomba moja la chuma cha HT9 lililokaa katika kinu cha FFTF kule Hanford, Marekani, lilifika dpa 155 kwenye nyuzi 443 hivi, na uvimbe wake ulikuwa asilimia 0.3 tu. Linganisha na theluthi nzima ya ujazo kwenye ule mrija wa 316. Kwa mabomba ya pembe sita, ambayo hayapati joto kali, hoja ya kuvitumia ni nzito. Mirija ya fueli ni habari nyingine: nguvu ya vyuma hivyo inaporomoka joto linapopita nyuzi 600 hivi, na huko ndiko mirija inakofanyia kazi yake ngumu. Kwa hiyo India ilichagua D9 iliyofuliwa asilimia 20 kwa mirija ya kinu chake cha Kalpakkam, na Urusi kwenye BN-600 imetumia kwa miaka mingi stenlesi yake ya ChS-68, nayo ikiwa imefuliwa baridi, huku mabomba ya pembe sita ya kinu hichohicho yakitengenezwa kwa chuma cha kromi.